Gemu Lilitaka Muuaji

Lusungu mwanangu,

Tumeshasalimiana asubuhi, kwa hiyo salamu naziruka. Naandika hapa kiwandani, kwenye meza yangu ya ukarani wa kupokea magogo. Umeme umekatika, misumeno imenyamaza, vijana wamelala juu ya mbao uani, na mimi nimepata nafasi ambayo nyumbani siipati, maana nyumbani nikianza kusema nawe unavaa hedifoni. Kesho unaondoka kwenda Mbeya. Habari za sweta na blanketi na kula kwa wakati ni za mama yako. Amekwisha kukuambia, na atakuambia tena stendi mbele za watu. Mimi nina jambo moja, nalo ni gemu lako.

Nianze na sifa, usije ukasema baba hakuona kitu. Gemu lile ni zuri. Nilipokuwa sekondari Iringa mjini, Mzee Hasu aliweka televisheni nyuma ya duka lake la redio, na wanafunzi tulikuwa tunapanga foleni kucheza gemu za kaseti mpaka mkewe aje na ndoo ya kupigia deki atufukuze. Kwa hiyo uliponionyesha Inspekta Nungu, kajitu ka vidoti kenye kofia na koti refu, kakitembea katikati ya mji wenye misonobari na moshi wa kiwanda, huku muziki unalia pi-pi-pi kama saa ya mkononi, moyo wangu ulirudi kwenye benchi la Mzee Hasu. Nilikuuliza kwa nini siku hizi, simu zinapoonyesha mpaka vinyweleo vya mtu, wewe unachora watu kwa vidoti vikubwa na rangi nne.

"Nimeiga za zamani kwa makusudi, baba," ulisema. "Mchezaji akionyeshwa kidogo, yaliyobaki anajaza mwenyewe."

Niliiandika sentensi hiyo kwenye shajara yangu siku ileile, kwa kujivuna. Wiki hii nimeirudia. Watu wa Mafinga wamejaza wenyewe.

Mama yako mkubwa Subilaga, mjane wa kaka yangu Yoramu, hauzi tena ulanzi, pombe yake ya mianzi. Hana mteja hata mmoja. Mji unajua sababu, na wewe na mimi tunaijua kuliko mji. Sura ya mwisho ya gemu, ile ambayo Inspekta anainua kidole na kumtaja muuaji, bado iko kwenye kompyuta yako, na wenzako wa Mbeya, wale unaokwenda kutengeneza nao gemu, wanaisubiri ili walitoe gemu lote kwa watu wa kila mahali. Humo ndani muuaji ni yeye. Umemwita Mama Ulanzi, hukutumia jina lake. Lakini umempa kilemba chake cha njano, kibanda chake chenye bati jekundu, na ile tabia yake ya kucheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Ungempa jina lake ukamnyima kicheko, watu wasingemtambua.

Utasema ni hadithi tu. Umekwisha sema hivyo mezani, tena kwa sauti ya mtu anayemfundisha mzee kutumia simu. Kwa hiyo nitaipanga hadithi yenyewe tangu mwanzo, kwa mkono wangu, uisome kama vile si yako.

Kaka Yoramu alikuwa na presha. Alipewa vidonge akaviacha, kwa sababu alisema vinampeleka haja ndogo kila saa akiwa juu ya lori anapanga mbao, na vijana wanamcheka. Mshipa ukapasuka kichwani. Alianguka kilabuni kwa mkewe, mbeta ya ulanzi, kile kikombe cha mwanzi, ikiwa mkononi. Daktari alitueleza mimi na wewe tukiwa tumesimama pamoja kwenye korido ya hospitali, wewe umeshika koti la marehemu. Hakuna aliyetuficha. Kama unataka muuaji wa baba yako mkubwa, ni ubishi wake, na ubishi huo ni wa ukoo. Mimi ninao na wewe unao.

Kisha ukaja msiba, na Komba.

Sisi Wahehe na Wangoni ni watani, na Komba amekuwa mtani wa nyumba yetu tangu aje Mafinga kuendesha lori. Unakumbuka alivyofika amevaa lile koti la marehemu, akatembea kwa kuchechemea kama marehemu, akajilaza kando ya kaburi akasema hashuki mtu humo mpaka apewe nyama. Hata mchungaji alicheka. Halafu akanyanyuka, akamwelekezea mjane fimbo.

"Wewe Mnyakyusa! Siku ile hukuonja! Huku muuza ulanzi anaonja kwanza ndipo anampa mtu, wewe ukampa ndugu yangu kavukavu. Ulimtilia nini?"

Na mama yako mkubwa, macho yamevimba kwa kulia, akamjibu palepale: "Ningekuwa na sumu, Komba, ningeanza na wewe. Yoramu alikuwa analipa."

Watu waliangua kicheko mpaka wachimba kaburi wakaweka majembe chini. Wewe ulikuwa umesimama nyuma ya mama yako, simu juu, unarekodi.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo nilipotakiwa kukufundisha nikiwa baba yako, na sikukufundisha. Mtani husema msibani lile ambalo kila mtu analiogopa moyoni. Mwanaume akifa mikononi mwa mkewe, kila ndugu anawaza. Mtani analitoa nje kwa kelele, watu wanalicheka, na wakishalicheka hawalirudii tena. Neno hilo haliulizwi barazani, wala halibebwi kwenda nalo nyumbani. Komba angelisema nje ya makaburi, tungempiga. Wewe ulilibeba ndani ya simu. Hukuliiba, ulidhani limeachwa wazi kwa yeyote. Mtoto wa nyumba isiyo na watani asingelipata neno lile, na mtoto aliyekaa na wazee wake msibani badala ya kushika simu asingelitoa pale. Wewe ulikuwa katikati.

Ukarudi chuoni Iringa, na likizo iliyofuata ukaja na Inspekta Nungu na gemu lenye jina la Nani Alimuua Mzee wa Mbao. Na mimi sikuuliza. Nilifurahi kuwa umenichagua nikusaidie kulijaribu. Kila jioni nilikuandikia makosa kwa utaratibu: Inspekta anapita ndani ya ukuta wa kanisa. Mbwa wa mlinzi anabweka wakati amekwisha kufa. Mlango wa kiwanda ukifungwa mara mbili, mchezaji anabaki nje milele. Ulinisifu. Uliniambia, "Baba, wewe ungekuwa mtaalamu." Sijawahi kuambiwa hivyo na mtu aliyenizidi elimu, na nilikuwa tayari kufanya lolote niambiwe tena.

Katika gemu la kwanza kulikuwa na pakiti ya vidonge dirishani kwa Mama Ulanzi. Mchezaji akiiokota, Inspekta anakwenda zahanati, anaambiwa kuwa yule mama ana vidonda vya tumbo na amekatazwa pombe. Ndiyo maana hakuonja. Mwishoni Inspekta anavua kofia na kuandika: kifo cha kawaida. Na hivyo ndivyo ilivyokuwa kweli. Mama yako mkubwa alikuwa ameacha kuonja kabla ya kifo kile, na wateja wake wote walijua, alikuwa anamwomba mteja wa kwanza aonje kwa niaba yake.

Ukawapa wenzako chuoni wacheze. Ulirudi umenuna. Ulinisomea alichokuandikia mmoja wao: "Sasa tumezunguka mji mzima tukamate presha?"

Nilicheka sana. Halafu nikakuambia, na maneno yangu ninayo kama nilivyoyasema: "Toa hizo dawa. Zinaua utamu."

Ukabonyeza kitu kimoja, dirisha likabaki tupu. Tukacheza tena usiku uleule, na gemu likawa linatisha kweli. Ushahidi wote uliobaki ulielekea kwa mtu mmoja. Ulinikumbatia. Siku hiyo sikuandika neno lolote la lawama kwenye shajara, niliandika: gemu limesimama imara.

Usifikiri kwamba sikujua. Nilijua kama wewe ulivyojua. Kuna watu wanaoumiza wengine kwa kutojua, na hao unaweza kuwaelimisha. Sisi wawili tuliufahamu ukweli, tukauona hauna msisimko, tukauondoa. Nimekaa na jambo hilo nikitafuta namna ya kulisema kwa upole, sijaipata.

Nikaendelea. Niliwarushia gemu, bila ile sura ya mwisho, vijana wa hapa kiwandani kwa simu yangu mwenyewe. "Kazi ya binti yangu hii." Wao wakarushiana. Mwezi haukuisha, likawa linachezwa kwenye mabenchi ya kilabu kilekile, sauti imefunguliwa yote.

Mwanzoni mama yako mkubwa alilichukua kama utani. Kijana akiingia na kumwambia, "Mama Ulanzi, leo umeonja?" yeye alijibu, "Nimeonja, na wewe nimekuonja, huna ladha." Walicheka. Lakini kila aliyeuliza alikuwa anangoja jibu. Utani hauulizwi kila siku na kila mtu. Baadaye hawakucheka tena, walisimama tu na mbeta mkononi wakimtazama mdomo.

Akaanza kuonja.

Hukuwepo, ulikuwa Iringa na mitihani, na mama yako alinizuia nisikupigie. Aliwaonjea wote, mmoja baada ya mwingine, na daktari amemkataza hata tone. Nilipita pale nikitoka kazini nikamkuta ameshika nguzo ya kibanda, anameza mate. Nikamwambia, "Shemeji, acha." Akaniambia, "Nikiacha nimekiri." Siku chache tu baadaye akatapika damu mbele ya wateja. Tukamkimbiza hospitali. Na unajua watu walisema nini? Walisema sumu yake imemrudia. Mmoja wa waliosema hivyo ni kijana niliyemrushia gemu mimi.

Aliporudi hakuna aliyekuja. Ulanzi hausubiri, mwanangu. Unachachuka ukawa hauna kazi. Aliumwaga mtaroni, nguruwe wa jirani wakaunywa, wakalewa wakalala njiani, na watoto wakakimbia wakipiga kelele kwamba nguruwe wamekufa. Usiku huo bati lake lilipigwa mawe. Wale nguruwe asubuhi waliamka, lakini hakuna aliyerudi kutangaza hilo.

Nataka nikukumbushe habari niliyokusimulia ulipokuwa darasa la nne. Babu yangu alipokufa, wazee walimwita mganga kutoka mbali. Akatazama maji kwenye ungo uliopakwa dawa, akamtaja bibi mmoja, jirani yetu, aliyekuwa akitupa maboga. Walimpakia kwenye lori akapelekwa Idodi, kwa mpwa wake, na sisi watoto tulikimbia nyuma ya lori tukimwimbia wimbo wa kumkebehi. Mimi ndiye niliyekuwa na sauti kubwa. Ulinisikiliza mpaka mwisho, ukauliza, "Ushahidi ulikuwa wapi, baba?" Nikasema haukuwepo. Ukakasirika mpaka ukalia. Ukasema ukiwa mkubwa utakuwa mpelelezi. Tangu siku hiyo kila kitabu ulichoomba kilikuwa cha upelelezi, na mimi nilikuwa nawaambia watu, huyu mtoto hatadanganywa na waganga.

Yule mganga alikuwa na ungo wake tu. Aliwaambia watu jina, na katika watu wale walikuwepo waliomwamini na waliomwona tapeli. Wewe hukuwaambia jina. Uliwaacha waokote kikombe, wafungue kabati, wamhoji mlinzi, mpaka wakalifikia jina wenyewe. Mtu hashindani na kitu alichokigundua mwenyewe. Umemzidi mganga, Lusungu. Ulichukia kwamba hakuwa na ushahidi, basi wewe ukautengeneza.

Nasema hivi nikijua inauma. Sijakuandikia ili nikufariji.

Jumapili iliyopita ukoo ulikaa sebuleni kwetu. Wewe ulikuwa chumbani unatengeneza muziki wa sura ya mwisho. Tulikuwa tunausikia kupitia ukutani, ule wa polepole. Niliyeongoza kikao ni mimi. Baba yako mdogo Bahati alisema mawe yakianza kupigwa hayaishii kwenye bati, na hilo ni kweli. Mwenyekiti wa mtaa alisema hawezi kulinda nyumba moja kila usiku. Hilo pia ni kweli. Kila mtu alisema kweli, na zote zikaelekea kumwondoa mtu mmoja. Nikaambiwa nimwite.

Aliingia, akatusalimu "kamwene" kwa Kihehe chetu anachokisema vizuri kuliko wewe, akakaa kwenye mkeka wakati viti vilikuwepo. Nikamwambia, "Shemeji, tumeonelea upumzike kwenu Tukuyu kidogo, mambo yapoe."

"Kidogo ni mpaka lini, shemeji? Mpaka simu zote ziishe chaji?"

Bahati akakohoa. "Dada, ni kwa usalama wako."

"Ndaga, Bahati, asante. Na nyumba?"

"Nyumba itabaki, nyumba haiendi popote."

"Najua haiendi. Nimekuona juzi unapima dirisha la mbele kwa futi. Ni duka au saluni?"

Mkewe Bahati alitazama dari. Mama yako mkubwa akatutazama mmoja mmoja, akanifikia mimi, akasema, "Na wewe karani, andika kwamba nimekubali. Andika vizuri, una mwandiko mzuri." Nikaandika. Mwandiko ulitoka mzuri kama kawaida, na hilo ndilo linalonisumbua zaidi.

Wewe ulitoka chumbani baadaye, ukakuta watu wanakunywa chai, ukauliza kama kuna maandazi yamebaki.

Sasa unakwenda Mbeya, na nataka nikuambie kitakachotokea huko. Watakusifu. Vijana wenzako wataona ile sura ya mwisho na watapiga meza. Mtu mmoja atakuuliza wazo ulilipata wapi, na utasema, kwenye utani wa kwetu, na wataona ni ajabu na nzuri, kwamba mnao utamaduni wa namna hiyo. Una kipaji. Katika nyumba yetu hakujawahi kutokea mtu mwenye kipaji cha namna hiyo, sisi wote ni watu wa kunakili. Lakini kipaji chako hakina huruma, na ukosefu huo wa huruma umeurithi kwangu, mimi ambaye ninao bila kipaji. Nakujua vizuri. Hata sasa, unaposoma habari ya nguruwe walioamka asubuhi, sehemu ya akili yako inafikiri jinsi ya kuwachora.

Sikuagizi uvirudishe vile vidonge dirishani. Nilitaka kukuagiza. Nilianza barua nyingine ya kukuagiza nikaichana. Ukivirudisha, gemu litapoa, wenzako watalalamika kama yule wa chuo, na hapa Mafinga hakuna atakayecheza tena ili aone umebadili nini. Wao wanalo lile lisilo na vidonge kwenye simu na wameridhika nalo. Mama yako mkubwa hatarudishiwa hata mteja mmoja. Ukimbadilisha muuaji ukamweka mtu wa kubuni, watasema umetishwa na ukoo, na kwamba huo ndio ushahidi. Na ukiliacha kama lilivyo, atakwenda na kilemba chake cha njano mpaka Mwanza na Dodoma, kwa watu ambao hawajawahi kumwona, na kila mmoja atamkamata kwa mkono wake mwenyewe na kusikia muziki wa ushindi. Ningekuwa mwongo nikikuonyesha njia iliyo nzuri. Zilikuwepo, ila zote zilikuwa kabla ya usiku ule tuliokumbatiana.

Nililojifunza, kama unataka kulijua, ni dogo na nimelipata nimechelewa. Kifo hakidai muuaji. Sisi ndio tunaodai, kwa sababu kifo kisicho na muuaji kinatuacha tumesimama kwenye korido tumeshika koti la mtu, na hakuna pa kwenda. Gemu linatupa pa kwenda. Mganga naye alitupa pa kwenda. Kwa kila mahali pa kwenda tulipopewa, kuna mtu alipakiwa kwenye lori.

Nilidhani barua ingeishia hapo. Lakini leo asubuhi, kabla umeme haujakatika, mama yako mkubwa alikuja hapa kiwandani. Vijana waliokuwa kwenye msumeno walijifanya hawamwoni. Nilimpa kiti akakikataa, akasimama hapo mlangoni, vumbi la mbao likimwangukia begani.

"Shemeji, mimi naondoka kesho," akasema. "Na mwanao kesho. Tukatie gari moja."

Nilishtuka. Nikamwambia kwamba wewe unashuka Mbeya mjini.

"Na mimi nashuka Uyole, najua barabara. Tukatie gari moja, viti vya pamoja."

"Unataka akuombe radhi?"

"Radhi nitaipika? Nataka anihoji."

Sikuelewa, na nadhani uso wangu ulionyesha. Akaziba mdomo kwa kiganja, nikadhani anacheka, hakuwa anacheka.

"Huyo polisi wake mwenye koti kaja kwangu humo ndani mara nyingi. Mtoto wa jirani alinionyesha, nikakaa nikaangalia yote. Kaniuliza nililala wapi. Kaniuliza nilinunua nini sokoni. Kaniuliza kama nilimpenda mume wangu. Na majibu yote kaniandikia yeye! Mimi nilikuwa hapahapa, shemeji, nyumba ya tatu kutoka kwenu. Alikuwa anakuja kwangu kula maparachichi, anamaliza sahani, ananiambia asante mama mkubwa, anaondoka. Hajawahi kuniuliza hata swali moja. Upelelezi gani huo?"

Nikasema, "Ni kweli."

"Na pua yangu haiko vile," akasema. "Kanipa vidoti viwili kama nguruwe." Akaondoka akapita katikati ya wale vijana polepole, mmoja mmoja akimwita kwa jina la baba yake, mpaka wote wakalazimika kumwamkia.

Nimekata tiketi. Viti vyenu vimeshikana, yeye yuko dirishani kwa sababu kona zinamtibua tumbo. Sikukuuliza kama unataka, na ukija kesho stendi ukaanza kulalamika, mimi nitakuwa upande wa pili wa barabara nimegeuka. Kutoka hapa, Makambako, Igawa, Chimala, mpaka Uyole, muda upo wa kutosha kwa maswali yote ambayo Inspekta wako aliyajibu kwa niaba yake.

Usianze na ulanzi. Mwulize kwanza alikuwa akimwitaje kaka yangu walipokuwa wawili tu. Hilo hakuna kati yetu anayelijua, mimi nikiwemo, ndugu wa tumbo moja, na hatujawahi kufikiri kuuliza. Kisha uliza linalofuata, na linalofuata, na usimsaidie kujibu. Anaweza kukusema vibaya. Anaweza kutazama misonobari safari nzima asikupe hata neno. Basi kaa hapo na kimya hicho, Lusungu. Ndani ya gari hakuna kitufe cha kuruka maongezi.

Ni mimi baba yako.